Kupitia Utosi: Safari ya Kuusoma Ubongo wa Mtoto Njiti

Julai ukungu unapotanda Nyeri, Karatina na Embu, wodi za watoto wachanga huhangaikia joto kwanza. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 32 hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na baridi ya mlimani haimhurumii. Ndiyo maana mama humbeba kifuani, ngozi kwa ngozi. Lakini akishapata joto na maziwa, linabaki swali zito: ubongo wake u salama?

Majibu yalianza mbali. Mwaka 1924 huko Jena, Ujerumani, Hans Berger alinasa mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu. Miaka ya 1950 Colette Dreyfus-Brisac, mjini Paris, aliyafuatilia kwa watoto njiti. Mawimbi yao huibuka kwa kishindo, yakanyamaza, kisha yakaibuka tena, na kimya hicho hufupika kadiri wiki zinavyosonga. Mtaalamu huweza kukadiria ukomavu wa ubongo kwa kuusoma mchoro huo.

Picha zilifuata. Mwaka 1978 huko New Mexico, Marekani, Lu-Ann Papile na wenzake waliwachunguza kwa picha za CT watoto 46 wenye uzito chini ya gramu 1,500. Watoto 20 walikuwa wamevuja damu ndani ya ubongo, baadhi yao bila dalili yoyote ya nje. Hilo ndilo linalonitisha zaidi katika historia hii yote. Baada ya hapo altrasaundi ikapita utosini, mahali ambapo mifupa ya fuvu bado haijafunga, bila mionzi na bila kumtoa mtoto kwenye inkubeta.

Picha huonyesha palipojeruhiwa. Mawimbi huonyesha ubongo unafanya nini sasa hivi. Kimoja bila kingine hakitoshi. Huko Amiens, Ufaransa, kikosi cha mtafiti Fabrice Wallois kimetumia vipimo vya umeme pamoja na mwanga unaofuatilia damu ubongoni. Mwaka 2013 kikosi hicho, kwa kutumia mwanga huo, kilionyesha kwamba ubongo wa njiti wa wiki 28 hadi 32 hutofautisha "ba" na "ga".

Afrika Mashariki nayo haikukaa kando. Huko Kampala, Uganda, watafiti walitumia altrasaundi ya kichwa kwa wachanga walioumia ubongo wakati wa kuzaliwa, na mwaka 2022 mashine ndogo ya picha za MRI iliundwa Mbarara, nchini humo humo.

Miji ya Mlima Kenya ina hazina ya aina nyingine. Hospitali za Nyeri, Karatina, Kerugoya na Embu zimo katika mtandao wa taarifa za kitabibu ulioanzishwa mwaka 2013, unaokusanya rekodi za watoto waliolazwa kwa utaratibu mmoja. Naamini hapo ndipo pa kuanzia: altrasaundi ya utosi katika wiki ya kwanza, matokeo yaandikwe kwenye rekodi hiyo hiyo, kisha mtoto afuatiliwe kliniki hadi atakapoketi, atakapotembea na atakapotamka maneno yake ya kwanza. Mashine za mawimbi zitakapofika, zitakuta watoto ambao historia yao inajulikana tangu siku walipozaliwa.