Baridi yabisi

Maneno yote mawili ni ya Kiarabu. Yabisi ni kavu. Ni lugha ya matabibu wa kale, waliopima mwili kwa joto na baridi, umajimaji na ukavu. Leo kila goti linalouma tunalipa jina hilo, hata lenye osteoathraitisi, ambalo gegedu lake limelika. Si baridi iliyolila. Ndani ya seli za gegedu jeni ni zilezile, ila baadhi ya alama za kemikali, methili, zimebanduka kwenye jeni zilizopaswa kulala. Nazo zimeamka, zikatoa vimeng'enya vinavyomeng'enya gegedu. Fani inayochunguza alama hizo ni epijenetiki, neno alilolibuni Conrad Waddington mwaka 1942. Bibi anayeshuka ngazi kwa ubavu, mkono ukutani, anastahili kuelezwa haya, si kuzimiwa feni tu.