Kuni za Meli na Gesi ya Motokaa

Wasomaji wetu wa pwani ya Kyela, hivi karibuni niliitwa katika kikao cha wakulima wa kakao, si mbali na Matema. Walikuwa wamekusanya fedha za kununua motokaa ndogo ya kuchukua watu na magunia mpaka Kyela, na siku nyingine mpaka Tukuyu. Shauri lililowagawanya lilikuwa hili: wanunue ya petroli kama wengine, au watie gesi kama wafanyavyo watu wa Dar es Salaam, au watafute ile yenye injini na betri pamoja? Mzee mmoja akanigeukia, akasema, "Mwalimu, wewe umesoma. Ni ipi itakayotubakizia fedha?" Sikuthubutu kujibu papo hapo, maana fedha ile ni jasho la watu wengi. Niliona afadhali kuanza na habari ambazo ziwa letu lenyewe limekwisha kuziona.

Meli ya moshi ya kwanza katika Ziwa Nyasa ilikuwa Ilala, iliyoletwa na wamisionari wa Kiskoti mwaka 1875. Mwaka 1893 Wadachi walishusha majini Hermann von Wissmann, na mwaka 1901 misheni ya Kiingereza iitwayo UMCA ilishusha Chauncy Maples, iliyopewa jina la askofu aliyekufa maji ziwani humo mwaka 1895. Meli hiyo ilitengenezwa Glasgow, ikafunguliwa vipande 3,481, ikaletwa kwa bahari na kwa mito Zambezi na Shire. Boila yake, yaani chungu kikubwa cha chuma cha kuchemshia maji, ilikuwa na uzito wa tani 11, nayo ilikokotwa nchi kavu na Wangoni 450 kwa kamba, mwendo wa maili chache tu kwa siku.

Meli hizo zote zilikula kuni. Mtu aliyetazama misitu ya pwani wakati ule angesema, Kuni ni bure, ziko mlangoni. Lakini tuzihesabu vizuri. Kuni hukatwa na watu, na watu hao hulipwa, kwanza kwa nguo, baadaye kwa fedha. Huanikwa zikauke, maana kuni mbichi hutoa moshi kuliko nguvu. Hubebwa vichwani mpaka ufukoni, nayo meli hulazimika kutia nanga ili kuzipakia, na siku ya kupakia ni siku isiyo na safari. Tena moto huwashwa saa nyingi kabla ya kuondoka, na mwashaji hapati raha usiku kucha. Juu ya hayo yote, mahali palipojaa kuni hapawezi kujaa mchele wala abiria. Kilo 1 ya dizeli katika injini ya siku hizi hufanya kazi ya kilo 10 za kuni na zaidi katika injini ya mvuke ya namna ile.

Je, wazee wale walikuwa wajinga? La, hata kidogo. Kama wangetaka mafuta mwaka 1901, ingewapasa kuyaleta kwa njia ile ile iliyoleta boila, madebe kwa madebe, kuyapita maporomoko ya Shire. Hapo kuni zilikuwa rahisi kwa kweli. Njia zilipofunguka na mafuta yakafika karibu, hesabu ikageuka. Ilala mpya, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1951, ilikuja na injini za dizeli tangu mwanzo. Chauncy Maples ilitolewa boila yake mwaka 1967, ikatiwa dizeli. Huko Ziwa Tanganyika, Liemba, iliyojengwa na Wadachi kabla ya vita ya 1914, iliacha mvuke katika miaka ya 1970. Nayo makaa ya mawe ya vilima vya Kiwira, yaliyo karibu nasi kuliko kisima chochote cha mafuta, hayakuchimbwa kwa wingi hata miaka ya 1980, serikali ilipofungua mgodi kwa msaada wa Wachina. Kuwa karibu hakutoshi, ikiwa hakuna njia wala mtambo wa kutumia kilicho karibu.

Jambo kama hilo lilionekana Ulaya wakati wa vita ya 1939 hata 1945. Petroli ilipokatika, watu walifunga majiko juu ya motokaa, wakaziendesha kwa gesi ya kuni na mkaa. Katika nchi ya Sweden peke yake motokaa za namna hiyo zilipita 70,000. Zilikwenda, lakini nguvu za injini zilipungua kwa theluthi na zaidi, jivu lilizolewa kila siku, na dereva alinuka moshi kama mpishi. Petroli iliporudi, karibu wote wakayang'oa majiko yale.

Sasa niirudie motokaa ya wakulima. Gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, na baadaye watu wakaanza kuitia katika motokaa. Mwezi wa Septemba 2023 bei ya juu ya petroli mjini humo ilikuwa shilingi 3,213 kwa lita, nayo gesi iliuzwa kama shilingi 1,550 kwa kilo. Tuseme lita 1 ya petroli hukupeleka kilomita 10, na kilo 1 ya gesi kilomita 15. Basi kilomita moja hugharimu shilingi 321 kwa petroli, na 103 kwa gesi. Kufunga mtungi na vyombo vyake tukuhesabie shilingi milioni 2. Fedha hiyo hurudi baada ya kilomita kama 9,200. Dereva wa teksi aendaye kilomita 150 kwa siku huirudisha kwa miezi 2. Mtu aendaye kanisani na sokoni tu atangoja miaka. Motokaa yetu, ikienda kilomita 80 kila siku, ingeirudisha kwa miezi 4, na hapo vijana wa kikao walipiga makofi.

Lakini gesi yenyewe iko wapi? Mtungi wa motokaa ndogo huchukua kama kilo 10, yaani kilomita 150. Ukiujaza Dar es Salaam, gesi itakwisha kabla hujaona Morogoro, na kutoka Dar es Salaam mpaka Kyela ni zaidi ya kilomita 900. Huku kwetu tungekuwa tumenunua mtungi mtupu, wenye kukalia mahali pa magunia mawili ya kakao, kama zile kuni zilivyokalia mahali pa mchele.

Ile yenye injini na betri hufaa sana mjini, penye kusimama na kuondoka mara nyingi, maana kila ikikanyagwa breki hujirudishia umeme. Kutoka Kyela mpaka Tukuyu ni kupanda tu, mpaka mita kama 1,500, na injini ndiyo ibebayo mzigo. Wakati wa kushuka betri hujaa upesi, kisha mteremko uliobaki hauleti faida tena. Tena iliyotumika Japani miaka 10 yaweza kukudai betri mpya kabla hujaonja akiba yake.

Kinachofika nyumbani kwetu ni umeme. Pikipiki ya umeme hutumia uniti kama 4 kwa kilomita 100, yaani shilingi 1,500 hivi, ambapo ya petroli hula zaidi ya shilingi 6,000. Bei ya kuinunua na umri wa betri ndivyo vya kuuliza kwanza.

Nikawaeleza hayo yote. Kikao kimeahirishwa hata mavuno ya mpunga, na kijana mmoja mwenye pikipiki amepewa daftari, aandike kila jioni kilomita alizokwenda, petroli aliyoinunua, na siku alizokaa nyumbani kwa mvua.