Mtumwa Aliyekuja Kuponya

Sisi wanadamu tuna desturi ya kuwapima wenzetu. Huyu ni wa ukoo mwema, yule hana kwao. Huyu atafaa, yule hafai kitu. Lakini neema ya Mungu haiulizi ukoo. Mara nyingi hupita kwa mlango ambao sisi tumekwisha kuufunga. Tutazame habari za mtu mmoja wa Ziwa Tanganyika, Adrien Atiman.

Alizaliwa karibu na mwaka 1866, kando ya mto Niger, upande wa Timbuktu. Angali mtoto mdogo aliibiwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara kama bidhaa. Nani angesema kwamba mtoto huyo ana kesho? Huko Algeria Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha, wakamlea, akabatizwa. Kisha Kardinali Lavigerie akampeleka kisiwani Malta pamoja na vijana wengine waliokombolewa, wajifunze uganga. Kardinali alitaka Waafrika wenyewe wawe waganga na makatekista kwa Waafrika wenzao.

Mwaka 1888 Atiman alianza safari, na mwaka 1889 akafika Karema, ng'ambo ya mashariki ya ziwa. Karema na Mpala ya upande wetu zilikuwa boma za wazungu wa mfalme Leopold, zikakabidhiwa kwa mapadri mwaka 1885. Siku zile misafara ya watumwa ilikuwa bado inapita katika nchi zile. Katika misioni walikaa watoto wengi waliokombolewa, watu wasio na jamaa. Atiman aliwafahamu kabisa, kwa sababu alikuwa mmoja wao.

Alioa huko huko, mkewe akiitwa Agnes Wansahira. Aliwatibu wagonjwa, akafundisha dini. Wadachi walikuja wakaenda, Waingereza wakaja, yeye akabaki na dawa zake mpaka alipokufa mwaka 1956, mzee wa miaka karibu 90. Mwanawe Joseph alipewa upadri mwaka 1923. Mtoto aliyeuzwa sokoni akawa baba wa padri!

Tusikosee hapa. Biashara ya watumwa ilikuwa dhambi kubwa, na Mungu hakuipenda hata siku moja. Lakini ubaya wa watu haukuweza kuizuia neema yake. Tena tuangalie neno moja: Atiman hakukombolewa ili ahurumiwe tu maisha yake yote. Alipewa kazi. Aliyekuwa wa kusaidiwa akawa msaada wa wengi, hata wenye ukoo na mali walimwendea awaponye.

Basi sisi katika parokia zetu tunafanyaje? Yuko mtoto aliyefukuzwa nyumbani kwa kusingiziwa uchawi. Yuko kijana aliyerudi kutoka kwa waasi wa msituni. Yuko mama ambaye majirani wanamnong'ona. Pengine tunawapa sadaka, nasi tunadhani tumemaliza. Lakini je, tunawapa nafasi kwenye benchi letu? Tunawafundisha kazi? Tunawaomba wasome somo, waimbe, wafundishe watoto?

Mungu akitaka kutuponya, asije akamtuma mganga ambaye sisi wenyewe tumemfukuza mlangoni. Tumfungulie leo.