Habari za Kuhesabiwa kwa Maradhi ya Zinaa katika Garissa na Kaskazini Mashariki



Desturi ya kijitabu hiki ni kutoa hesabu ya fedha na ya kazi. Safari hii tumeona yafaa kueleza hesabu nyingine, iliyochelewa sana kufika kwetu, nayo ni hesabu ya wagonjwa wa maradhi ya zinaa.

Mwaka 1926 Waingereza waliifanya nchi yetu wilaya iliyofungwa, mtu haingii wala hatoki ila kwa idhini. Desemba 1963 ikatangazwa hali ya hatari, iliyodumu hadi 1991. Nchi iliyotazamwa kwa jicho la usalama haikutazamwa sana kwa jicho la tabibu.

Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi alitambuliwa Kenya mwaka 1984. Kuanzia 1990 Serikali ilipima damu ya wajawazito katika kliniki zilizochaguliwa, na katika miaka hiyo Garissa nayo ikawa kituo kimojawapo. Mama alitolewa damu ili ichunguzwe kaswende. Iliyosalia, ikiisha kuondolewa jina, ilipimwa virusi vya ukimwi. Hivyo kuenea kwa maradhi kulijulikana, wala mama hakufichuliwa.

Lakini kliniki huwahesabu wanaofika tu. Uchunguzi wa taifa wa nyumba kwa nyumba, wa idadi ya watu na afya, wa miaka 1989, 1993 na 1998, uliliacha jimbo letu nje. Ule wa 2003 ndio wa kwanza kutufikia, na ndio wa kwanza kupima virusi. Katika Kenya nzima walioambukizwa walikuwa 6.7 kwa mia ya watu wazima. Kwetu ikaandikwa sifuri. Ule wa 2008-09 ulionyesha 6.3 kwa Kenya, na kwetu 0.9. Hatuwezi kusema kwamba maradhi yalizuka katika miaka hiyo mitano: waliopimwa kwetu walikuwa wachache, na wavu wa matundu mapana hupitisha samaki. Kisha mwaka 2012 uchunguzi wa ukimwi wa taifa ukatuacha tena, kwa sababu ya usalama mbaya.

Jambo hili si la makarani peke yao. Kaswende ya mjamzito hutibika kwa sindano ya penisilini. Ikiachwa, yaweza kumwua mtoto tumboni. Vidonda vya zinaa huvifungulia virusi mlango. Mama mwenye virusi akitumia dawa sawasawa, mtoto wake aweza kuzaliwa salama. Nazo dawa huagizwa kwa kufuata hesabu. Asiyehesabiwa hawekewi fungu lake ghalani.

Sheria ya mwaka 2006 imekataza kumpima mtu kwa nguvu na kutangaza majibu yake. Tangu 2013 hospitali zetu zimo mikononi mwa serikali za kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, kwa hiyo wa kuulizwa yu karibu. Hapana budi tuulize, kila mwaka, wangapi wamepimwa, na kama wapimaji wamewafuata wafugaji visimani.

Nanyi wazee twawaomba msione haya kulitaja jambo hili barazani, na mumlinde na masengenyo kila aendaye kupimwa. Wahenga walisema, mficha maradhi, kilio humwumbua. Kwetu sisi, kilio hicho huenda kikawa cha mtoto asiyejua kosa lake.