Dawa ya funza wa udongoni hupimwaje kabla ya kumfikia mkulima?

Mkulima wa Mnero, wilayani Nachingwea, aking'oa shina la mahindi au karanga lililonyauka anaweza kukuta funza mnene, mweupe, mwenye kichwa cha kahawia, aliyejikunja kama mundu. Huyo ni buu wa mbawakawa. Hula mizizi, na mmea hunyauka hata udongo ukiwa na unyevu. Hushambulia pia nyasi za bustani na za viwanja vya mpira, hadi nyasi zikabanduka kama mkeka.

Kosa la kawaida ni kutumia dawa yoyote iliyopo nyumbani. Katika mikoa ya Lindi na Mtwara dawa iliyozoeleka ni salfa ya mikorosho. Salfa hukinga ubwiri unga, ugonjwa unaoletwa na kuvu. Haiui funza aliye ardhini.

Jaribio linavyofanyika

Watafiti huanza kwa kuchimba na kuhesabu funza. Kisha shamba hugawanywa vitalu vidogo vinavyolingana. Kila dawa hupewa vitalu kadhaa, mara nyingi vinne, vilivyopangwa kwa kura ili rutuba ya upande mmoja isiipendelee dawa mojawapo. Vitalu vingine huachwa bila dawa. Hivyo ndivyo vya kulinganishia, kwa sababu funza hufa pia kwa ukame, magonjwa na kuliwa na ndege.

Baada ya wiki kadhaa, kila kitalu huchimbwa tena kwa eneo la ukubwa uleule na funza hai huhesabiwa. Kanuni inayotumika sana ni ya Mmarekani W. S. Abbott ya mwaka 1925. Vitalu visivyo na dawa vikiwa na wastani wa funza 20, na vyenye dawa 5, dawa imepunguza funza kwa asilimia 75. Wakibaki 18, ni asilimia 10 tu, na tofauti hiyo yaweza kuwa bahati.

Jaribio la msimu mmoja halitoshi. Funza wachanga hufa kwa urahisi kuliko waliokomaa, na dawa iliyonyunyizwa bila mvua au umwagiliaji kufuata hubaki juu, isimfikie mdudu.

Kuua funza hakutoshi

Aldrin na dieldrin ziliwahi kutumika sana duniani dhidi ya wadudu wa udongoni. Ziliua, lakini zilidumu ardhini kwa miaka na kujikusanya katika mafuta ya mwili wa binadamu na wanyama. Zote mbili zimo katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unaozuia sumu za namna hiyo. Kwa karanga jambo hili ni zito zaidi, maana ganda hukomaa ndani ya udongo uleule uliowekwa dawa.

Nchini Tanzania, viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Utafiti wa korosho, karanga na ufuta hufanywa na TARI Naliendele, mkoani Mtwara.

Kabla ya kununua

Chimba uhakikishe ni funza. Soma kibandiko: kitaje zao lako, mdudu huyo, namba ya usajili na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Muulize afisa ugani. Ukiweka dawa, acha matuta machache bila dawa, kisha chimba pande zote mbili uhesabu. Ndipo utakapojua kama fedha yako imefanya kazi.