Ijara na Kutamalaki: Forodha ya Unguja na Umri wa Kampuni ya Kimataifa

Mikataba ya 1887 na 1888 kuhusu pwani ya Afrika Mashariki ina jambo ambalo wengi wetu hulipita haraka. Waingereza waliopata idhini ya Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, tarehe 24 Mei 1887, na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki (DOAG) iliyotia saini na mrithi wake, Sayyid Khalifa, tarehe 28 Aprili 1888, waliomba kitu kilekile. Hawakuanza na migodi, reli wala mashamba. Walianza na forodha: haki ya kutoza ushuru bandarini kwa jina la Sultani, naye alipwe fungu lake. Watu waliojinadi Ulaya kwamba wanakuja kulifungua bara, kwa nini waligombania kwanza meza ya mtoza ushuru wa Pangani?

Walikuwa wanaiga. Nusu karne kabla yao, nyumba ya biashara yenye makao katika nchi ya Kachi, India, ilikuwa imekwisha kuonyesha faida ya meza hiyo. Kwa hiyo ninapinga mazoea ya kuihesabu historia ya kampuni za kimataifa katika sehemu hizi kuanzia hati za kifalme za Berlin na London. Nyumba hiyo, ya Jairam Shivji, inastahili kuingizwa katika orodha hiyo, na ikishaingizwa, orodha yenyewe hubadilika sura.

Kuhusu asili ya kampuni hizo duniani hakuna ugomvi mkubwa: Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki, 1600, na ile ya Waholanzi, 1602, hutajwa na kila mtu. Ugomvi uko kwenye kipimo. Mwanahistoria wa biashara Alfred Chandler, katika kitabu chake cha 1977, aliiweka alama ya biashara ya kisasa kwenye mameneja wa kulipwa mishahara waliopangwa kwa ngazi, na mfano wake mkubwa ni reli za Marekani. Kwa kipimo hicho Bahari ya Hindi yote ni uwanja wa wachuuzi na jamaa zao. Geoffrey Jones ana kipimo chepesi zaidi: ni kampuni inayodhibiti shughuli, au mali inayoingiza pato, katika nchi zaidi ya moja. Ajabu ni kwamba wanaokubali kipimo cha Jones wakifika kwetu hurudi kwa Chandler bila kusema. Kampuni ya Mackinnon, ile ya Waingereza wa 1887, wanaihesabu, ya Jairam wanaiita "mfanyabiashara wa Kibanyani".

Tukitumie basi kipimo cha Jones kwenye forodha ya Unguja. Mpango ulikuwa huu. Mkodi alikubaliana na Sultani kiasi cha riyali za Maria Theresa kwa kila mwaka wa ijara, akakilipa iwe bandari imejaa majahazi au haina kitu. Kilichozidi ni chake. Katika bandari za Mrima, yaani pwani inayoelekea Unguja, na za kaskazini aliweka mawakala, wengi wao Mabanyani wenzake, na pembe iliyoshuka kutoka bara ililipiwa ushuru kabla mnunuzi wa ng'ambo hajaigusa. Mkodi huyohuyo alikuwa benki ya Sultani: hati za malipo za ikulu zililetwa kwake, naye akazilipa kwa kuzikata katika ijara, mpaka deni la ikulu likaizidi ijara yenyewe. Mali inayoingiza pato katika nchi ya kigeni, chini ya udhibiti wa nyumba yenye makao kwingine: sioni kilichopungua. Wasafiri wa Kizungu waliofika forodhani walistaajabu kuona kwamba pahali penye fedha nyingi kiasi hicho palikuwa banda tu. Nadhani hilo banda ndilo lililowadanganya wanahistoria wa baadaye. Kampuni isiyo na jengo haionekani.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni kitambaa. Mkataba wa Marekani na Sayyid Said, uliotiwa saini Muscat mwaka 1833, uliwawekea Wamarekani ushuru wa asilimia 5 kwa mali waliyoishusha, na mali waliyoipakia haikutozwa kitu. Mwaka 1837 akaja Richard Waters wa Salem, Massachusetts, konseli wa kwanza wa Marekani Unguja na wakati huohuo mfanyabiashara. Alishirikiana na Jairam. Majora yaliyoshuka kwenye meli za Salem yalimwendea mtu aliyeyatoza ushuru, na mtu huyo ndiye aliyekusanya pembe na sandarusi za kujaza meli irudi. Mtoza ushuru, mnunuzi wa jumla na mwuzaji wa shehena ya kurudi ni nyumba moja. Mlinzi wa haki za Wamarekani ni mshirika wake. Wafanyabiashara wengine, wakiwamo Wamarekani wenyewe, walilalamika kwamba wawili hao wameifunga biashara baina yao. Malalamiko hayo huwa naambiwa ni ushahidi wa rushwa ya kizamani. Mimi nayasoma kama malalamiko ambayo mshindani mdogo huyatoa popote penye kampuni iliyoshika njia zote za soko.

Na lile jora lilikuwa kitu gani? Pamba nyeupe isiyotiwa rangi wala kung'arishwa, nzito, ya kuhimili kufuliwa. Watu wa bara na pwani waliipa jina la watu walioileta, merikani, na hata leo ukiomba marekani dukani utakatiwa kitambaa cha aina hiyo bila muuzaji kuifikiria Amerika. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt ameonyesha, na hapa sina la kumpinga, kwamba mnunuzi wa Afrika Mashariki hakuwa jaa la bidhaa za viwandani. Alichagua, alikataa, na uchaguzi wake ukafika mpaka kwenye vinu vya Salem. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, vinu vya Mumbai vikaingia taratibu katika nafasi hiyo, vikifuma kitambaa kilichoendelea kuitwa merikani. Kiwanda kilihama bara zima, jina likabaki. Ninachokiongeza ni kwamba kati ya mwanamke wa Unyamwezi aliyekataa kitambaa chepesi na mwenye kiwanda cha Massachusetts palikuwa na mtu wa kulipeleka neno, naye aliketi forodhani.

Pingamizi la Chandler linabaki: hii ilikuwa nyumba ya ukoo, haina mameneja. Lakini Jairam aliondoka Unguja mwaka 1853 akarudi Kachi, na hakuacha kumiliki. Shughuli ya Unguja iliendeshwa na wakala wake, Ladha Damji, mpaka Ladha alipofariki 1871, miaka mitano baada ya bwana wake. Ladha huyu ndiye aliyewakopesha na kuwatafutia mali wasafiri tunaowasoma kwa majina yao, akina Burton na Speke. Mwenye mali ng'ambo, mwendeshaji hapa, miaka kumi na minane. Sijui Chandler angedai ngazi ngapi zaidi.

Pingamizi zito ni la mwanahistoria Abdul Sheriff, ingawa yeye hakulielekeza kwa hoja hii. Katika kitabu chake cha 1987 anaonyesha Unguja kama dola ya madalali, iliyoyafunga mapori ya pembe na mashamba ya karafuu kwenye uchumi wa viwanda vya ng'ambo. Ushuru wa watumwa ulipita forodhani kama ushuru wa pembe, hadi soko lilipofungwa 1873. Kumwita Jairam mwanzilishi wa utandawazi wa Kiafrika ni kuyapaka asali hayo, nami sitaki. Alikuwa mgeni aliyefaidi jasho na damu ya wenyeji. Hilo halimtoi katika orodha. Kampuni za Amsterdam na London ziliingia orodhani zikiwa na mikono iyo hiyo.

Tofauti yake na waliofuata iko mahali pengine, na Kiswahili kinaisema vizuri kuliko nadharia. Jairam alikuwa na ijara. Mkodi humhitaji mwenye mali. Sultani aliweza kumbadilisha, na Barghash alifanya hivyo mwaka 1876 alipompa forodha mfanyabiashara mwingine, Taria Topan. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, aliiweka katika jina la utenzi kazi ya DOAG kwa neno jingine: kutamalaki Mrima. Kampuni ilishika forodha tarehe 16 Agosti 1888, ikataka bendera yake ipepee kando ya ile ya Sultani, na Pangani ikawaka. Chini ya Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani, pwani ikawatoa mawakala wa kampuni karibu kila mji. Hermann Wissmann aliletwa na jeshi la serikali kuiokoa, na Abushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Kuanzia 1891 serikali ya Ujerumani iliichukua nchi yenyewe. Nyumba ya Kachi ilikuwa imetoza ushuru katika bandari hizohizo kwa miongo bila manowari.

Pengine ninavuka mpaka wa ushahidi nikisema kwamba kampuni ya Kizungu ilikuwa dhaifu kibiashara na imara kwa sababu ya jeshi la majini peke yake. Lakini hesabu za IBEAC, Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ya William Mackinnon, iliyopewa hati ya kifalme tarehe 3 Septemba 1888, hazinizuii. Kufikia 1895 ilikuwa imefilisika kwa kila hali isipokuwa jina, na serikali ya Uingereza ikainunua kwa pauni 250,000. Kati ya hizo, 50,000 zilitoka hazina ya London. Pauni 200,000 zilizobaki, bei ya kuirudisha idhini ya pwani, zilitolewa katika fedha za Sultani wa Zanzibar, zile ambazo Ujerumani ilikuwa imemlipa kwa kumwachisha Mrima.