Hitilafu ya programu: namna ya kuiripoti ikafanyiwa kazi

Hitilafu ya programu ni kosa katika maagizo yanayoiendesha. Waingereza huiita mdudu. Mwaka 1947 mafundi wa kompyuta ya Mark II huko Harvard, Marekani, walikuta nondo halisi ndani ya mashine, wakambandika kwenye daftari la kazi.

Anayetengeneza programu akiwa Dar es Salaam au Nairobi haoni simu iliyokwama Kibondo au Kasulu. Ukimwandikia "haifanyi kazi" tu, hana pa kuanzia. Tunashauri ripoti iwe na mambo manne:

- ulichofanya, hatua kwa hatua;
- ulichotarajia;
- kilichotokea, na maneno ya kosa kama yalivyoandikwa;
- aina ya simu, toleo la programu, tarehe na saa.

Taja pia kama mtandao ulikuwa dhaifu, kwani programu iliyojaribiwa mjini huenda ikakwama mtandao unapokatika. Ambatisha picha ya skrini, lakini usitume nywila wala namba ya siri.

Mfano wa karibu ni Ushahidi, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2008 kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi. Programu hiyo ni huria, na hitilafu zake huripotiwa hadharani kwenye GitHub.

Kwa mwanafunzi anayeomba mkopo, fomu isiyopokelewa yaweza kumgharimu mwaka mzima. Basi tunza nakala ya ripoti yako: ndiyo itakayoonyesha kwamba ulijaribu kabla ya muda kwisha.